Prado ya Albino Yavalishwa

Ukiingia soko la Konyo Konyo, mjini Juba, kwa upande wa wauza nyanya, ukafuata harufu ya tangawizi, utaangukia kwa Teresina. Ana rakuba yake, nguzo sita na turubai juu, na jebena mbili za kahawa zinazopokezana jikoni tangu arudi kutoka uhamishoni Uganda. Mbele ya rakuba kuna ubao mrefu uliolazwa juu ya gia boksi mbili mbovu, na kwenye ubao huo hukaa watu ambao kazi yao kubwa ni kujua. Asubuhi moja ya Jumamosi, mwanzo wa Februari mwaka 2017, walikuwa watatu. Kulikuwa na Paulino, mtu mzima, aitwaye Redio kwa sababu hana kitufe cha kuzimia. Kulikuwa na Emilio, aitwaye Injinia, ingawa hakuna aliyewahi kumwona na spana mkononi. Na katikati yao alikaa Albino, mwenye gari, finjani imempoa mkononi, macho yote kwa fundi Kenyi.

Kenyi alikuwa amechutama kando ya Prado ya Albino, gari la mwaka tisini na sita. Mbele yake, juu ya gunia, vilipangwa vipande vinane vya plastiki vilivyopauka: fenda nne za kukaa juu ya matairi, na mikanda minne ya milango.

— Mimi iko naangalia hiyo plastiki, alianza Redio, na mimi iko nasema imekufa. Imekuwa jivu. Kitu ikishakuwa jivu, hata askofu hawezi.

— Buda, plastiki haifi, alisema Injinia, ambaye uhamisho wake aliumalizia Nairobi na lugha akarudi nayo. Inachoka tu. Kwani plastiki ni nini? Ni mafuta. Na mafuta yanatoka wapi? Hapa kwetu, chini ya ardhi. Wanayavuta, wanayapeleka Japani, yanapikwa, yanakuwa fenda. Sasa gari likifika Juba, yale mafuta yanasikia harufu ya nyumbani. Yanaanza kuchomoka pole pole, yanarudi chini. Ndiyo maana plastiki inapauka hapa kuliko Nairobi.

— Kumbe fenda ya Albino ni mkimbizi.

— Ni mkimbizi aliyerudi. Kama wewe, mzee.

— Lakini mimi sijapauka.

— Umepauka sana, mzee, alisema Teresina bila kugeuka kutoka jikoni. Ni vile tu watu wanakuheshimu.

Albino hakucheka. Siku nyingine angecheka.

Ijulikane kwamba vipande hivyo havikung'olewa na ajali wala na wezi. Albino alivivua kwa mikono yake mwenyewe, Julai ya mwaka uliotangulia, siku ya pili ya risasi. Wenye bunduki walikuwa wanachukua magari yaliyopendeza, na Prado yake ilikuwa imependeza. Akaivua nguo zote, klipu zikikatika moja baada ya nyingine, kisha akaipaka tope. Likabaki gari la kutia huruma, lina matundu ubavuni. Kwa gari hilo alimpeleka mkewe Rebecca na watoto watatu mpaka mpakani Nimule, na kila kizuizi walichofika watu waliliangalia, wakacheka, wakawapisha. Nguo zake aliwaachia rafiki zake wazifiche. Redio akachukua fenda mbili, Injinia mikanda yote minne, Teresina fenda moja ya nyuma. Fenda ya nne ikalala chini ya kitanda cha Albino, kule Lemon Gaba.

Pale mpakani Rebecca alimwambia mumewe hivi: "Baba Santina, usinipigie simu kuniambia kumetulia. Kwako wewe kila siku kumetulia. Siku utakayolivalisha gari nguo zake, nitumie picha. Hapo nitajua umeamini mwenyewe, na mimi nitafunga mizigo." Sasa Jumatatu shule zilikuwa zinafunguliwa kule Uganda, kwenye kambi waliyokimbilia. Picha isipofika, Rebecca angewaandikisha watoto huko, na hapo ungekuwa mwaka mwingine mzima Albino anakula peke yake. Kila mtu kwenye ubao alilijua jambo hili, ndiyo maana walikuwa wanapiga domo kwa bidii kuliko kawaida.

— Wazee walisema, Redio aliendelea, kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Na ni kweli. Gari ya Albino ilikuwa mbaya, ikajitembeza mpaka Nimule.

— Methali haina maana hiyo, alisema Injinia.

— Wewe ulikuwa ndani ya gari? Basi nyamaza.

Kenyi aliokota fenda moja ya Redio. Kwa miezi saba ilikuwa imechomekwa kwenye nyasi za paa lake, na ilipasuka katikati kwa joto. Alikwangua unyuzi mdogo kwa kisu, akauwasha kwa kiberiti, akauzima, akanusa moshi wake huku amefumba macho. Kisha akachagua kipande kimoja kutoka kwenye mfuko wake wa mabaki, akakichoma nacho, akanusa. Akatikisa kichwa. Akachagua kingine.

— Anafanya nini? aliuliza Redio kwa sauti ya chini.

— Anatafuta ndugu yake, alisema Teresina. Plastiki haishikani na isiyo ya ukoo wake.

Kenyi hakuanza na magari. Huko Koboko, uhamishoni, alikuwa anashona mabeseni na jerikani zilizopasuka, na akina mama walikuwa wanasema beseni lililopita kwake linakuwa gumu kuliko jipya. Sasa alipasha moto waya mwembamba wa shaba, akaushona ule ufa kwa nyuma, hatua ndogo ndogo, kisha akayeyusha juu yake ile plastiki ya ukoo mmoja na kuilainisha kwa kisu cha moto. Akapiga msasa. Alipoigeuza fenda upande wa mbele, Albino alitafuta ufa kwa kidole na hakuuona, na roho yake ikafurahi kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo.

— Huyu mtu angekuwa daktari, alisema.

— Daktari hawezi hiyo, alisema Redio. Mimi iko na kovu hapa tumboni, unaweza kuiona kutoka Lemon Gaba.

Ikaja kazi ya rangi. Kenyi aliwasha kichomeo chake kidogo cha gesi, akapitisha ule moto juu ya fenda haraka haraka, mkono haukusimama hata kidogo. Palipopita moto, kijivu kilikimbia na weusi ukapanda juu. Hapakuwa na rangi, hapakuwa na brashi. Kulikuwa na moto tu, na plastiki ikawa nyeusi kama siku ilipotoka kiwandani.

Hata Redio aliinuka kuangalia, na Injinia akasahau kunywa.

— Imetoka wapi hiyo nyeusi? aliuliza Albino.

— Ilikuwa ndani, alisema Kenyi. Jua lililaza. Mimi naamsha.

Hayo yalikuwa maneno mengi kwa Kenyi, akarudi kwenye kazi. Lakini kwenye ubao yaliwasha watu.

— Si niliwaambia, alisema Injinia. Mafuta yalikuwa njiani kurudi ardhini, amewahi kuyaita.

— Hapana. Mimi iko najua alisoma wapi hiyo. Kampala kulikuwa na mtu anaamsha nywele za wakubwa. Mkubwa anaingia na mvi, anatoka kijana. Moto kidogo tu, haraka haraka, mtu hasikii.

— Manze, sasa kama nywele inawezekana, mtu mzima je? Unampitisha moto kuanzia kichwani mpaka miguuni, miaka ishirini inatoka.

— Fundi, alisema Redio akivua kofia, ukimaliza hiyo ya nyuma, angalia na hii yangu.

Kenyi alikiangalia kile kichwa chenye upara, akakipima kweli kweli.

— Hii hamna kitu ndani ya kuamsha, alisema.

Teresina alicheka mpaka akaweka jebena chini.

Ikaja mikanda ya Injinia. Hii ilikuwa na alama za kamba kila baada ya shubiri.

— Uliifunga nini? aliuliza Albino.

— Niliifanya fremu ya neti ya mbu. Usiniangalie hivyo, buda. Imelala ndani ya neti miezi saba. Hakuna plastiki Juba nzima haijapata malaria, isipokuwa hii.

Kenyi alizifuta zile alama kwa msasa na moto, hakulalamika. Halafu akatoa klipu. Za zamani zote zilikatika siku ile ya Julai, na dukani hazikuwepo. Alikuwa amezichonga mwenyewe kutoka jerikani za njano za mafuta ya kupikia, moja moja, kila moja na kimdomo chake na kishingo chake, na tundu la kila moja alilipima kwa kidole kabla ya kuchonga. Aliweka mkanda kwenye mlango, akaupigapiga kwa kiganja. Tak, tak, tak. Ukakaa. Albino aliuvuta, haukutingishika.

— Kweis, alisema Redio, na hilo ndilo neno lake kubwa la sifa.

Ikabaki fenda ya mwisho, ile ya Teresina, na hapo ndipo palikuwa na kesi. Tangu jana Kenyi alikuwa ameiosha kwa majivu mara tatu na bado ilikuwa inateleza.

— Mama, ulikipaka nini hiki? aliuliza Kenyi.

— Lulu.

— Lulu ya kupaka watoto? alisema Injinia. Mafuta ya kujipaka?

— Rebecca aliniambia nikitunze kama mtoto wake. Mtoto anapakwa mafuta. Kila Jumapili nikitoka kanisani nilikuwa nakipaka, mbele na nyuma, namwombea Rebecca, hata kwenye simu nilimwambia. Sasa kosa langu ni nini?

Ubao wote ukamgeukia. Redio alisema mafuta na moto ni maadui tangu Agano la Kale. Injinia alisema plastiki imeshiba, haiwezi tena kupokea kitu. Teresina akasokota kitambaa chake, na Albino akamwonea huruma, maana hakuna mtu aliyekipenda kipande chochote cha gari lile kama huyu mama.

— Lakini angalieni, alisema Kenyi akikiinua juani. Fenda nyingine zote zilipasuka. Hiki hakina hata ufa.

Watu wakaangalia, na ilikuwa kweli.

— Basi hiyo ndiyo mimi nilikuwa nasema, alisema Redio.

Kenyi akawasha kichomeo na kuanza kwa mbali. Weusi ukapanda vizuri. Kisha moshi mwembamba ukatoka kwenye pindo la ndani, mahali ambapo majivu hayakufika.

— Dalili ya mvua ni mawingu, alisema Redio kwa utulivu.

— Hiyo si mvua, mzee, hiyo inawaka.

Ilikuwa inawaka kweli. Ulimi mdogo wa moto ulikimbia kwenye pindo, Kenyi akaitupa fenda juu ya gunia, gunia nalo likashika. Albino aliruka, akaanza kutafuta maji. Teresina hakutafuta maji. Alinyanyua jebena zote mbili na kumwaga kahawa yote, ya asubuhi na ya mchana, tangawizi na kila kitu, mpaka moto ukazimika na hewa ikajaa harufu ya sherehe.

Kenyi aliichukua fenda, akaifuta kwa shati lake. Akaigeuza. Pindo la ndani lilikuwa limekunjamana kidogo, mahali ambapo jicho halifiki. Upande wa mbele ulikuwa mweusi kuliko vile vingine vyote saba.

— Ni kahawa, alisema Injinia taratibu. Kahawa ndiyo ilikuwa inakosekana. Moto, lulu, kahawa. Hii dawa ikijulikana, Wajapani watakuja hapa kupanga foleni.

— Na mimi nitauza nini leo? alisema Teresina.

Kenyi alikuwa amechuchumaa kwenye tairi la nyuma, na kile kiganja kikapiga. Tak, tak, tak. Akasimama, akarudi nyuma hatua tano.

Prado ilikuwa imevaa. Mabega yake yalirudi, ubavu ulifungwa, matundu yote yalipotea. Wauza nyanya waliacha nyanya wakaja kuangalia. Mmoja aliuliza afisa gani amekuja sokoni. Albino alilizunguka gari mara mbili, akakumbuka Rebecca alivyokuwa anaegemea mlango ule akimsubiri afunge nyumba waende kanisani. Akatoa simu. Akapiga picha kwa ubavu, gari zima.

— Tuma, alisema Injinia. Tuma sasa, mtandao uko poa.

Kidole cha Albino kilikuwa kwenye kitufe alipofika mwanamke mmoja, mgeni kwenye ubao ule, na fungu la mboga kichwani.

— Nasikia harufu ya kahawa, alisema. Naomba finjani moja.

— Malesh, mama, samahani, alisema Teresina. Kahawa imekwisha. Gari limeinywa.

— Mgeni njoo, mwenyeji apone, alisema Redio akisogea. Keti tu. Jina lako nani?

— Suzan. Nakaa Mangateen sasa, na wenzangu tuliokimbia. Kwetu ni huko njia ya Yei.

Akataka kujua gari limekunywaje kahawa, basi wakamwambia wote kwa pamoja: Julai, tope, Nimule, paa, neti, lulu, na Rebecca anayesubiri picha. Suzan alisikiliza mpaka mwisho. Alishusha fungu lake, akaigusa ile fenda ya nyuma kwa mkono wa heshima, akasema kazi hii ni nzuri sana, hajawahi kuona. Kisha akamgeukia Albino.

— Mimi nilipotoka kwetu nilizika sufuria zangu nyuma ya jiko, sita, na jiwe langu la kusagia. Nilisema nitazifukua vita ikiisha. Sasa wewe umelivalisha gari. Kwa hiyo nikafukue?

Aliuliza kwa kutaka kujua. Alikuwa anangoja jibu, kama mtu anayeuliza njia.

Albino alimwangalia Redio, ambaye kwa miaka yote hakuwahi kukosa la kusema. Redio aliangalia ndani ya finjani yake. Wauza nyanya wakarudi kwenye nyanya zao. Albino akajaribu kumwambia huyu mama ndiyo, nenda kafukue, na neno halikutoka, kwa sababu alijua wiki ile barabara ya Yei bado ilikuwa na risasi. Na kama hakuweza kumwambia mgeni, alikuwa anamwambia nini Rebecca?

— Sijui, mama, alisema. Usiende kwanza.

Akakaa. Aliona aibu, na aliona uchungu, maana alishaanza kuwasikia watoto mlangoni.

— Nimemsumbua fundi bure, alisema. Asubuhi yote. Na sasa kuvivua ni kuvivunja tena.

Kenyi alijifuta mikono. Alienda kwenye tairi la nyuma, akaingiza kidole gumba chini ya fenda ya Teresina, akabonyeza mara moja hapa, mara moja pale. Fenda ikamshukia mikononi, nzima, klipu zote zimeshika. Akairudisha. Tak. Akaitoa tena. Haikuchukua hata muda wa kupuliza chai.

— Za kiwandani zikivuliwa zinakatika, alisema. Hizi nimechonga za kuvaa na kuvua.

— Mbona hukusema?

— Hukuuliza. Na mimi pia nakaa Juba.

Albino alimwangalia yule mtu aliyejua tangu jana kwamba huenda vikavuliwa tena, akakaa akichonga vimdomo na vishingo, na bado akalipendezesha gari kama harusi ni kesho. Akamshika mkono kwa mikono yake miwili.

Kisha akaichukua fenda, akampelekea Teresina.

— Dada, hiki kibaki kwako kwanza.

Teresina alikipokea, akakifunga kwenye kanga yake. Albino akapiga picha nyingine: gari limevaa vipande saba, na tairi moja la nyuma liko wazi na matundu yake yote. Hiyo ndiyo aliyoituma. Wakangoja, hata Suzan alingoja. Simu ikalia.

Albino aliusoma ujumbe, halafu akausoma tena. Redio akashindwa kuvumilia.

— Anasema nini?

— Anasema limependeza kuliko lilivyokuwa. Anauliza nani fundi. Anasema ameona kimebaki kimoja, na Jumatatu atawaandikisha watoto huko.

— Ni hayo tu?

— Hapana. Anasema kama hicho kimoja kiko kwa Teresina, mwambieni asisahau Jumapili.